Rubani Anayesema Kikalenjin

Filamu ya Return of the Jedi, ya mfululizo wa Star Wars, ilitoka Marekani tarehe 25 Mei 1983. Katika nusu yake ya pili, chombo kiitwacho Millennium Falcon kinaongoza mashambulizi kikiwa na marubani wawili. Wa kwanza ni Lando Calrissian, anayesema Kiingereza. Wa pili ni kiumbe mwenye mashavu yaliyoning'inia, masikio mapana na macho meusi ya duara, na jina lake ni Nien Nunb. Huyu hasemi Kiingereza hata neno moja. Anasema Kikuyu na Kikalenjin, kwa sauti ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani wakati huo. Umbo lenyewe ni kikaragosi kilichochezeshwa na Mike Quinn, na katika picha za mwili mzima kuna mwigizaji aliyevaa vazi. Roho ya kiumbe yule, hata hivyo, ni kijana wa Kikenya aliyesimama mbele ya kipaza sauti.

Tena watengenezaji hawakumwekea maandishi ya tafsiri chini ya picha. Anasema, Lando anamjibu kwa Kiingereza, na mtazamaji anaachwa abahatishe. Kwa miaka zaidi ya arobaini, watu wa London, Tokyo na São Paulo wamemsikia kama kiumbe wa sayari ya mbali. Sasa ipeleke filamu hiyo Ndanai, kule Sotik katika Kaunti ya Bomet, karibu na mpaka wa Narok, uwakalishe kwenye mabenchi watu sitini ambao lugha yao ya nyumbani ni Kipsigis, lahaja mojawapo ya Kikalenjin. Mambo yanageuka juu chini. Bibi ambaye hajaelewa lolote tangu taa zizimwe anamwelewa ghafla mtu mmoja tu katika ulimwengu wote ule, na mtu huyo ndiye yule mwenye mashavu.

Sura hii inahusu namna ya kuandaa jioni ya mashabiki wa Star Wars mahali kama Ndanai, na ushauri wangu wote umetoka katika jambo hilo moja. Vitabu vya sherehe vya ng'ambo vitakuambia uanze na mapambo, mavazi, keki yenye umbo la chombo cha anga. Mimi nasema anza na sikio. Fedha zako, hofu zako na ubishi wako na mwenye ukumbi uviweke kwenye sauti, maana sherehe yenyewe imo katika sekunde chache za sauti.

Kwanza tumpe heshima yake mtu aliyepanga sauti hizi. Ben Burtt, fundi wa sauti wa filamu za mwanzo, alikuwa na tabia ya kuazima ndimi za watu wa dunia hii kila alipohitaji kiumbe wa anga aseme. Wale Jawa wafupi wenye kofia, wauza vyuma chakavu wa jangwani, usemi wao ulichotwa kwenye Kizulu ukapindwa na kuharakishwa. Greedo, yule anayekutana na mwisho wake kwenye baa, alitokana na Kiquechua cha milima ya Amerika Kusini. Ewok, vile viumbe vyenye manyoya vya msituni, usemi wao ulianza Burtt aliposikia Kikalmyk kwenye makala ya BBC. Hizo nyingi zilisagwa na kuchanganywa mpaka kilichobaki ni mapigo ya lugha bila lugha yenyewe. Nien Nunb ni kisa tofauti, kwa sababu Rotich alisema maneno yanayoeleweka. Nje ya Afrika Mashariki mashabiki walisambaziana kwa muda mrefu kwamba kile ni Kihaya. Mtu yeyote wa Bukoba angewasahihisha bure.

Kutenganisha mwili na sauti halikuwa jambo geni kwenye filamu hizi. Aliyevaa vazi jeusi la Darth Vader, adui mkubwa, ni David Prowse, Mwingereza. Sauti iliyotisha dunia ni ya James Earl Jones, yule yule aliyekuja kuwa Mufasa katika The Lion King mwaka 1994. Jones alipata umaarufu aliostahili. Rotich hajulikani hata Bomet, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kukodi ukumbi.

Basi filamu ni hiyo moja, wala usishawishike na vijana wanaotaka kutazama sehemu tatu mfululizo. Hesabu iko wazi. Return of the Jedi ina dakika 131. Sotik ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe hukamuliwa jioni, kisha alfajiri tena kabla gari la maziwa halijapita. Watu hawatakaa kabla ya saa moja usiku, na baada ya saa nne kila mama anapiga hesabu ya saa alizobakiza za kulala. Ukianza saa moja na nusu, ukatoa dakika kumi na tano za kusimulia yaliyotangulia, filamu inaisha kama saa nne kasoro. Anayetaka kumaliza hadithi yote ya Luke, shujaa wa filamu hizi, na baba yake aje nyumbani kwako siku nyingine na flashi yake.

Zile dakika kumi na tano mpe mtu anayejua kusimulia, hata kama si shabiki sugu. Shabiki sugu ataeleza majina ya sayari. Msimulizi ataeleza kwamba kuna Dola iliyoteka kila mahali, kuna kijana aliyelelewa na mjomba shambani, na adui mkubwa kumbe ndiye baba mzazi wa kijana huyo. Inatosha. Wazee wa sehemu hizi hawahitaji kufundishwa Dola ni nini. Mwaka 1905 Waingereza walituma askari kuwapiga watu wa Sotik na kuswaga mifugo yao. Mwaka 1934 walitunga sheria mahsusi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, wakaupeleka Gwassi karibu na ziwa, huku mashamba ya chai yakizidi kupanuka Kericho. Halafu inakuja filamu ambamo watu wafupi wa msituni wanazivunja mashine za chuma kwa magogo na mitego ya kamba. Jirani na msitu wa Chepalungu, sehemu hiyo inapigiwa makofi bila mtu kuambiwa apige.

Tarehe. Mashabiki wa dunia wana siku yao, tarehe 4 Mei, kwa sababu ya mchezo wa maneno wa Kiingereza ambao ukiusikia Ndanai haukuchekeshi. Iache. Mwezi wa Mei mvua za masika zinamwagika, barabara za ndani ni tope, majani ya chai yanachipuka kwa kasi na kila mkono uko shambani, na karo za muhula mpya zimekwisha kufagia mifuko. Desemba nayo haifai, kwani ndio msimu wa tumdo: wavulana wengi wa rika unalolitaka wako faraghani wakifunzwa utu uzima, na familia zao zina sherehe zinazoizidi yako kwa mbali. Inabaki likizo ya Agosti. Wanafunzi wako nyumbani, mahindi mabichi yameanza kupatikana, na baridi ya usiku inawafanya watu wapende kukaa wamebanana. Lakini Agosti ligi ya Uingereza nayo huanza. Usithubutu kugombea Jumamosi au Jumapili na mechi ya Arsenal katika chumba ambacho mwenyewe anaishi kwa mechi ya Arsenal. Omba Alhamisi. Atakupa kwa bei nafuu, na huenda yeye mwenyewe akakaa.

Sasa sauti. Majengo mengi utakayopewa, yawe kibanda cha video, darasa au ukumbi wa kanisa, yameezekwa mabati bila dari. Mvua ya nyanda hizi hupenda kunyesha alasiri, ila haijaapa kwa mtu yeyote, na ikinyesha juu ya mabati matupu hata Vader hasikiki. Siku moja kabla, tafuta magunia ya mahindi na mablanketi ya zamani, uyafunge kwenye mbao za paa, hasa juu ya walipokaa watazamaji. Hayatanyamazisha mvua. Yatapunguza mwangwi wa ukumbi, na mwangwi ndio unaofanya maneno ya haraka yasagike. Nien Nunb anasema haraka, mara nyingi kukiwa na ngurumo ya injini na milipuko nyuma yake.

Kuna hitilafu moja ninayoiogopa kuliko kukatika kwa stima. Matoleo mengi ya filamu huja na sauti ya njia sita, ambamo mazungumzo hupita kwenye spika ya katikati na fujo ya vita ikasambazwa pembeni. Ukiunganisha spika mbili tu, na programu ya kuchezea filamu haijaamriwa kuzikusanya njia zote katika mbili, utapata mizinga inayotetemesha vioo na watu wanaotikisa midomo kimya. Kwenye programu kama VLC, fungua sehemu ya sauti uchague stereo, kisha ujaribu na mandhari yenye mazungumzo, usijaribu na mandhari ya vita. Punguza besi. Fundi wa matanga na harusi atakayekuletea spika kubwa atasikitika, maana kwake besi ndiyo ushahidi wa kazi. Mwambie leo tunataka maneno. Spika ziwe usawa wa vichwa vya waliokaa, moja kila upande wa pazia, zisiegeshwe kwenye kona.

Picha haina taabu kubwa. Shuka jeupe lililonyooshwa kwa kamba linatosha, ilmradi jua limekwisha zama, na hapa karibu na ikweta huzama kabla ya saa moja mwaka mzima. Projekta ya kawaida hula wati mia mbili au tatu, kompyuta ya mapajani haifiki mia, spika za wastani kidogo tu. Jenereta ndogo ya kilowati moja inabeba vyote. Iwekwe nyuma ya jengo, upande wa pili wa ukuta wa mawe kama upo, na waya mrefu wa kuivuta stima ndani. Jenereta iliyowekwa mlangoni itaishinda spika yoyote. Na hata kama stima ya kawaida ipo, nunua tokeni mapema.

Kabla ya yote hayo, mambo ya ruhusa. Kutazama sebuleni na jamaa zako ni shughuli yako. Kuonyesha filamu mbele ya hadhara, hasa kwa kiingilio, ni shughuli ya sheria: Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ndiyo inayotoa leseni za maonyesho na kupanga filamu kwa umri, na kununua diski au kulipia huduma ya intaneti hakukupi haki ya kuionyesha kwa umma, kwani hakimiliki ya Star Wars iko kwa Disney tangu ilipoinunua Lucasfilm mwaka 2012. Njia nyepesi ni kuifanya kweli kuwa jioni ya kualikana, bila kiingilio, kila mtu akileta chakula. Ukitaka kutoza, tafuta karatasi zako kwanza. Mjulishe chifu, kwa vyovyote. Mjulishe na mchungaji. Sehemu hizi zina mizizi mirefu ya Africa Gospel Church, na mtu atauliza hiyo Nguvu inayotajwa na akina Jedi, wapiganaji wa filamu hii, ni roho ya aina gani. Swali ni halali. Mwalike mchungaji afungue kwa maombi, kama mikutano yote ya huku inavyofunguliwa, akae kiti cha mbele aone mwenyewe. Mwisho wa hadithi ni baba anayegeuka na kumwokoa mwanawe. Nimesikia mahubiri yaliyojengwa juu ya kidogo kuliko hicho.

Chakula ndicho kinachonifurahisha zaidi katika maandalizi haya. Katika filamu ya kwanza kabisa, ya mwaka 1977, Luke Skywalker anakunywa maziwa ya rangi ya bluu mezani kwa mjomba wake. Mashabiki wa Marekani hutia rangi ya keki kwenye maziwa ya dukani kuyaiga. Ndanai hakuna haja ya rangi. Kibuyu cha mursik, kilichopakwa ndani mkaa wa senetwet na kuhifadhi maziwa hadi yakagandamana, hutoa kinywaji chenye rangi ya kijivu inayoelekea bluu, na kila kaya ina mama anayejua kukitengeneza kuliko jirani yake. Kinywaji hicho hicho ndicho wanariadha hupokewa nacho wakirudi na medali. Kimiminwe kwanza kwa wazee, kisha kwa vijana waliovaa majoho ya Jedi. Wasiokipenda wapewe chai ya maziwa. Zaidi ya hapo ni mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu na njugu. Chochote kinachotafunwa kwa kelele kisimamishwe kuanzia saa ya pili ya filamu, hasa pakiti za krispi.

Mavazi nitayapita upesi. Nairobi kuna mashabiki wanaoshona magwanda kamili na kuyavaa kwenye maonyesho kama NAICCON, na kazi yao ni nzuri. Kwa Ndanai, blanketi la kahawia lililofungwa kiunoni kwa mkanda ni joho la Jedi lililokamilika, na linafaa kwa baridi. Aproni ya plastiki ya mchuma chai pamoja na gambuti humfanya mtu rubani wa waasi wanaopigana na Dola, bila gharama. Panga za mwanga zitengenezwe kwa tochi na bomba la plastiki jeupe lililofunikwa karatasi ya rangi. Mirija ya taa za fluoresenti marufuku, kwani ina zebaki na huvunjika kwa pigo la kwanza, na watoto hawatapiga pigo moja.

Tunabaki na mfasiri. Yeyote aliyekulia karibu na kibanda cha video Kenya anajua kwamba filamu ya Kiingereza haitazamwi kimya. Kazi za DJ Afro zimewazoesha watazamaji kupata sauti ya Kiswahili juu ya picha, yenye utani, majina ya mitaani na maoni kuhusu ujinga wa adui. Tanzania alikuwapo Lufufu, na Uganda wafasiri wa aina hiyo ni nyota wenye majina yao kwenye mabango. Usidharau sanaa hii. Ukiweka filamu ya dakika 131 kwa Kiingereza kitupu, nusu ya ukumbi itatoka kabla ya saa ya kwanza kwisha. Mtafute kijana mwenye ulimi mwepesi, mpe maikrofoni, mruhusu achanganye Kiswahili na Kipsigis, aite Dola apendavyo. Awe ameitazama filamu mapema, ikiwezekana zaidi ya mara moja, ajue wapi pa kusema na wapi pa kuuacha muziki wa John Williams ufanye kazi.

Mpe sharti moja tu: Millennium Falcon ikionekana na Lando yuko kwenye usukani, maikrofoni izimwe.

Usitangaze sababu. Hapa nabishana na marafiki wanaoona afadhali watu waambiwe mapema kwamba kuna Mkalenjin ndani ya filamu. Ukiwaambia, watakaa saa nzima wakimngoja, watamkosa kila kiumbe mwingine, na akija watakuwa wanapimana nani kasikia wa kwanza. Usipowaambia, jambo linatokea lenyewe. Mfasiri ananyamaza, watu wanashangaa kwa nini, rubani wa pili anafungua kinywa, na mahali fulani katikati ya mabenchi mtu anacheka kabla ya wengine. Kisha swali linapita kutoka benchi hadi benchi: amesema nini huyo? Wanaojua Kikuyu, wafanyabiashara na waliowahi kuishi Molo au Nakuru, watashika sehemu yao. Wasemaji wa Kipsigis watashika yao. Hakuna mmoja atakayeshika yote, kwa hiyo watalazimika kuulizana.

Ndiyo maana lazima awepo mtu wa pili, kijana wa rimoti, ambaye kazi yake usiku kucha ni kujua dakika na sekunde za kila neno la Nien Nunb. Kelele zikipanda, asimamishe picha, arudishe nyuma, acheze tena. Na tena. Filamu za kisasa zimetufundisha kwamba kusimamisha ni dhambi. Kwa dakika hizi tano, endelea kutenda dhambi hiyo mpaka yule bibi wa mbele aridhike. Ubishi wa lahaja utazuka, nao ni sehemu ya burudani: kuna atakayesema huyu ni Mnandi, mwingine aape ni wa Keiyo, mzee mmoja adai kwamba jina Kipsang Rotich linaweza kuwa la mtu wa ukoo wake. Waache wabishane, kisha vita viendelee, chombo cha Dola kilipuke, mfasiri arudishiwe maikrofoni yake.

Baada ya taa kuwaka usipange hotuba. Panga bodaboda. Wasichana na akina mama wanaokaa mbali wawe wamehesabiwa na waendeshaji wanaojulikana wawe nje kabla filamu haijaisha, kwa sababu giza la barabara za mashambani halijali kwamba umeangusha Dola.

Watu wataomba nyingine, na nyingine ipo. The Force Awakens, ya Desemba 2015, ilimrudisha Nien Nunb akiwa na sauti ile ile ya Rotich, na pamoja naye akaingia Maz Kanata, mwanamke mdogo wa kale mwenye miwani mikubwa, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o. Wakenya wawili katika filamu moja ya anga, mmoja Mkalenjin na mwingine mwenye asili ya Kisumu, na hakuna hata mmoja ambaye uso wake unaonekana. Kwa ukaribu wa Ndanai na nchi ya Waluo, hapo pana utani wa majirani wa kutosha jioni nzima. Ila humo Nien Nunb anasema kidogo kuliko awali, kwa hiyo kijana wa rimoti aanze kumtafuta mapema.